Siku moja Kigoma na mama mwenye goti bovu: anzeni Ujiji

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Morogoro. Mwezi ujao tuna harusi Kasulu, na tumeamua kwenda kwa treni mpaka Kigoma. Tutapata siku moja kamili pale mjini kabla ya kupanda gari la Kasulu kesho yake asubuhi. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wawili wa darasa la nne na la saba, na mama yangu mzazi ambaye ameshavuka miaka 70 na goti linamsumbua. Kila ninayemuuliza ananiambia Kigoma ni milima mitupu, mama atateseka bure. Wengine wanasema tuache mji, twende Gombe tukaone sokwe. Naomba mwongozo: tuone nini na tuanzie wapi? Na huyu wa darasa la saba ameniuliza swali nikashindwa kumjibu: kama Ujiji ndiyo ilikuwa mji mkubwa tangu enzi za misafara, kwa nini reli haikufika Ujiji?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na swali la mtoto, maana jibu lake ndilo litakalotupangia siku yenu nzima.

Reli haikufika Ujiji kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya hiyohiyo milima mnayotishwa nayo. Ujiji imekaa kwenye ardhi ya mteremko mdogo na ufukwe wake uko wazi. Kwa mitumbwi na majahazi hilo halina shida, kwa sababu chombo unakivuta mpaka mchangani na mzigo unashuka kwa mabega ya watu. Meli ya chuma haivutwi mchangani. Inataka kina cha kutosha karibu na nchi kavu, na inataka mahali pa kujikinga na upepo, kwani kusi inapovuma miezi ya kiangazi Ziwa Tanganyika linachafuka na mawimbi yanaupiga ufukwe wa Ujiji bila kizuizi. Sasa sogea kilomita kama nane tu upande wa kaskazini. Unaikuta ghuba ya Kigoma, rasi ya Bangwe imeikinga kwa kusini, vilima vimeizunguka, na maji yake ni ya kina. Mhandisi yeyote wa bandari angechagua hapo. Vilima vinavyomchosha mpita njia ndivyo vilivyoipa Kigoma bandari, na bandari ndiyo iliyoita reli.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Ziwa lenyewe lilikuwa limeanza kuikimbia Ujiji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Stanley, yule mzungu aliyemkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, aliporudi mwaka 1876 aliyakuta maji yamepanda kuliko alivyoyaacha, akaenda mpaka Lukuga kuangalia, akakuta pameziba. Miaka miwili baadaye, 1878, kizuizi kile kikabomoka na ziwa likaanza kushuka, mita kadhaa ndani ya miaka michache. Kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo kama wa Ujiji, mita moja ya kushuka kwa maji ni mwendo mrefu wa nchi kavu mpya. Ndiyo maana mtu akisimama leo penye mnara wa Livingstone anashangaa kwamba ziwa liko mbali.

Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikaingia Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka pwani. Kabla ya hapo Kigoma ilikuwa kijiji tu kando ya ghuba. Kwa hiyo mwambie kijana kwamba manispaa ile inayoitwa Kigoma-Ujiji ni miji miwili iliyozaliwa kwa sababu mbili tofauti. Ujiji ni mji wa miguu, uliojengwa na watu waliotembea kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kigoma ni mji wa reli na meli. Mkiitembelea kwa mfuatano huo, Ujiji asubuhi na Kigoma jioni, mtaziona karne mbili kwa siku moja na kwa mpangilio wake. Mkichanganya, mtaona jengo hapa na mnara pale na jioni hakuna atakayekumbuka kipi kilitangulia.

Mpangilio huohuo unamfaa mama. Ujiji ni tambarare kiasi cha kutosha. Milima yote iko Kigoma mjini, na huko mtakwenda kwa gari, wakati jua limepoa.

Kuhusu Gombe, jibu langu ni hapana, na nalisema kwa mtu ninayemtakia mema. Gombe ni mahali pa heshima kubwa. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na yale aliyoyaona, hasa sokwe wanaotengeneza vifaa kwa vijiti ili kuvua mchwa, yalibadili sayansi ya dunia nzima. Lakini Gombe haina barabara, mnakwenda kwa boti, na sokwe hawaji kupokea wageni ufukweni. Mnawafuata juu kwenye miteremko mikali, msituni, pengine kwa saa nyingi. Goti la mama haliwezi. Watoto nao wana sharti la umri kwa kuwafuata sokwe, na mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwakaribia, kwa sababu maradhi yetu yanawaua. Hifadhi ile inataka siku yake peke yake, bora zaidi mbili mkilala hukohuko. Waulizeni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa safari nyingine. Mkiilazimisha kwenye siku hii mtaikosa Gombe na mtaikosa Kigoma.

Sasa tuingie kwenye siku yenyewe.

Kwanza saa. Kigoma iko magharibi ya mbali, lakini saa yake ni ileile ya Dar es Salaam. Jua linachelewa kuchomoza na linachelewa kuzama kwa dakika kama 40 kuliko Dar. Miezi mingine saa moja asubuhi ndiyo kwanza kunapambazuka vizuri, na jioni jua linazama kati ya saa moja kasoro dakika kumi na saa moja na dakika 20 hivi. Faida yake ni kwamba jioni yenu itakuwa ndefu. Msihangaike kutoka usingizini alfajiri, hasa baada ya safari ya treni. Mpeni mama kifungua kinywa kwa utulivu, mtoke saa mbili na nusu.

Pili, usafiri. Kwa watu watano akiwemo mzee, kodini teksi ya siku nzima badala ya kudandia bajaji mbili mbili. Mpatane na dereva asubuhi kabla hamjapanda, mtaje kila mahali mtakapopita na saa ya kumwachia, ili jioni pasiwe na mabishano. Mchagueni mtu mzima mwenyeji wa Ujiji kama mnaweza. Mzee wa Ujiji akiwa nyuma ya usukani mmepata dereva na msimulizi pamoja.

Ujiji nendeni moja kwa moja kwenye makumbusho ya Livingstone. Ndani mna sanamu za Stanley na Livingstone, wakubwa kama watu halisi, kofia mkononi, na watoto watataka kupiga nazo picha. Waacheni wapige. Nje kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake, na kando yake miembe ambayo inaelezwa ilitokana na mwembe wa awali, ule waliokutania wale wawili. Eneo ni tulivu, lina kivuli, na mama anaweza kukaa pale muda wote mnaozunguka.

Tarehe aliyoiandika Stanley ni Novemba 10, 1871. Habari ya mzungu kumkuta mzungu mwenzake kila mtoto wa shule anaijua, na waongozaji wataieleza vizuri. Mimi nawaomba muwasimulie watoto watu wengine waliosimama pale siku ile. Msafara wa Stanley uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani mpaka India, akapata uhuru na kurudi Afrika. Bombay hakuwa mgeni Ujiji. Alishafika mwaka 1858 na Burton na Speke, Wazungu wa kwanza kuliandika ziwa hili. Alirudi 1871 na Stanley, na akaja tena 1874 na Cameron, msafiri mwingine wa Kizungu. Wale wenye vitabu walipita mmoja mmoja, yeye alizijua njia zote. Halafu yupo Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyetoka mbio kuupokea msafara. Huyo Susi, pamoja na Chuma na wenzao, Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, waliuhifadhi mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka pwani. Mtoto wa darasa la nne anaielewa hiyo vizuri kabisa. Mwambieni tu wametoka wapi na wamefika wapi.

Kuna na jambo gumu zaidi, na nadhani wa darasa la saba ana umri wa kulisikia. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza Machi 1869 akiwa mahututi, amebebwa kwenye machela. Aliyeamuru abebwe, akamlisha na kumtunza njiani, ni Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Adui mkubwa wa biashara ya utumwa aliokolewa na mtu wa biashara hiyohiyo. Na miaka miwili baadaye, Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, ng'ambo ya ziwa huko Manyema, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Alirudi Ujiji Oktoba akiwa amevunjika moyo, akakuta na bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote. Huyo ndiye mtu aliyekutwa chini ya mwembe.

Msiuruke utumwa kwa sababu kuna watoto. Ujiji ilikuwa kituo. Watu walitekwa Manyema, wakavushwa ziwa, wakaanza kutembeshwa kutoka hapa kwenda Tabora na pwani, na wengi hawakufika. Njia ile Tanzania imeipendekeza kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, na Ujiji ni moja ya vituo vyake. Lakini msiwaachie watoto picha ya minyororo peke yake. Soko la Ujiji lilikuwa soko la kweli, lenye chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, pembe, nguo za pwani, na shanga zilizotumika kama fedha. Na Wamanyema waliofika kwa njia ile chungu walibaki, wakaoa na kuolewa, wakajenga mji. Wajukuu wao wako Ujiji, wako Tabora, wako Kariakoo. Kiswahili cha Ujiji, misikiti yake, baraza zake na mapishi yake ni kazi ya watu hao pamoja na Wajiji na Waha waliowakuta.

Kwa hiyo mkitoka makumbusho msikimbilie Kigoma. Mwambieni dereva aende polepole mitaani. Mtaona nyumba zenye baraza, wazee wamekaa nje, miembe mikubwa ya tangu enzi za misafara, na michikichi kila upande. Salimieni. Ujiji ni mji wa watu wastaarabu na wakongwe katika Uislamu, kwa hiyo mke na mama wakiwa na khanga, na wewe na watoto mkiwa mmevaa kwa heshima, mtakaribishwa popote. Ikiwa siku yenu ni Ijumaa, pangeni kumaliza kabla ya saa sita na nusu, au muwe mmetulia mahali, kwa sababu mji mzima unaelekea msikitini na dereva wenu pengine naye.

Kisha shukeni ufukweni. Hapo ndipo maelezo ya Lukuga yatakapoeleweka bila ubao wala chaki, kwa sababu mtasafiri ule mwendo ambao zamani ulikuwa maji. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia kwenye makazi ya watu sehemu nyingi za mwambao, hivyo msishangae kuona alama za maji mahali msipotegemea. Ufukweni Ujiji bado kuna mafundi wa boti za mbao. Mkibahatika mtakuta chombo kizima kimesimamishwa mchangani, mataruma yako wazi kama mbavu, fundi anakalafati mianya kati ya mbao na mbao. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na msimame kuangalia kazi. Kwangu mimi hapa pana thamani kuliko sanamu za makumbusho, kwa sababu ufundi huu ndio uliovusha kila mtu niliyemtaja hapo juu, na bado unalisha watu leo.

Itakuwa imefika saa sita, jua kali. Rudini Kigoma mkale na mama alale kidogo. Chakula cha kuagiza ni ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa hili, au dagaa waliopikwa kwa mawese. Wakiwa na kuhe, samaki mwingine wa hapa, mchukulieni mama, ana nyama laini. Msiagize kuku, kuku wako Morogoro.

Watoto wataomba kuogelea. Ufukwe wa Jakobsen, karibu na Katonga, ni mzuri na maji yake yanaonyesha mpaka chini, na wale samaki wadogo wa rangi wanaosafirishwa duniani kwa ajili ya matangi ya mapambo wanaonekana wakizunguka mawe. Ila njia ya kushukia ina mteremko, kwa hiyo mama asipelekwe. Kama mna nguvu, mmoja wenu aende na watoto saa nane mpaka saa kumi, mwingine abaki na mama. Msiwaache waoge popote penye matete na maji yaliyotulia karibu na makazi, kwa sababu ya kichocho, na waulizeni wenyeji habari za mamba kabla ya kuingia maji yoyote. Mimi ningeuacha ufukwe kama watoto hawakulia sana.

Saa kumi na nusu anzeni Kigoma. Nendeni stesheni. Najua mtakuwa mmeshashuka hapo, lakini abiria anayeshuka treni hatazami jengo, anatafuta mizigo yake. Rudini mkiwa hamna mizigo. Ni jengo kubwa la Kijerumani lenye matao, kubwa kuliko mji uliokuwepo lilipojengwa, na hilo lenyewe lina la kusema. Serikali ya kikoloni haikujenga stesheni ya kuhudumia kijiji kile, ilijenga mlango wa kuingilia Kongo. Miezi michache baada ya reli kufika, Agosti 1914, vita ikaanza. Katika uwanja wa stesheni panatosha kukaa, na mwalimu mzuri anaweza kufundisha pale somo zima la Vita vya Kwanza vya Dunia.

Somo hilo ni la meli. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaja kuunganishwa upya hapa Kigoma na mafundi watatu kutoka Ujerumani na wafanyakazi wengi Waafrika. Iliingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi waliipaka mashine grisi nene kwanza, kwa matumaini ya kuirudia. Grisi ile ilifanya kazi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikawa inakwenda mpaka Mpulungu, Zambia. Mwaka 2015 vurugu zilipotokea Burundi na maelfu ya wakimbizi wakakwama Kagunga, kijiji kisicho na barabara, Liemba ndiyo iliyowabeba kuwaleta Kigoma. Meli ya vita iliyokuja kwa masanduku, karne moja baadaye inaokoa akina mama na watoto. Miaka ya karibuni ilisimama kwa matengenezo makubwa, kwa hiyo waulizeni wenyeji iko wapi na mnaweza kuionea upande gani. Bandari ni eneo la ulinzi. Msipige picha bandarini, wala kwenye majengo ya serikali na polisi, hata mtoto akiwa na simu tu.

Hapo karibu, kwenye mwinuko unaotazama ziwa, kuna nyumba ya Kijerumani ambayo watu huiita ya Kaiser na leo ni ya Ikulu. Haiingiliki. Yapo masimulizi ya handaki kutoka kwenye nyumba hiyo mpaka stesheni, na dereva atawasimulia bila kuombwa. Sikilizeni kama hadithi, watoto wanaipenda.

Kutoka stesheni mji unapanda kwa Barabara ya Lumumba kuelekea Mwanga. Hapa ndipo penye mlima wenyewe. Pandeni kwa gari, taratibu, na mwambieni dereva asimame mara moja au mbili katikati ya mpando ili mgeuke nyuma. Barabara inavyopanda ndivyo ziwa linavyofunguka chini yenu, na ghuba mnaiona umbo lake lote, rasi ya Bangwe upande mmoja na maji yaliyotulia ndani. Mwoneshe kijana: swali lako ni hili hapa. Soko la Mwanga lipo juu, ni soko zuri la kawaida, mkipita mnunue embe au ndizi basi, msipoteze saa.

Kwa machweo, tafuteni moja ya hoteli zenye veranda inayotazama magharibi, muagize chai au soda, mama akae kwenye kiti chenye mgongo. Fikeni saa kumi na mbili. Agosti na Septemba hewa huwa na ukungu wa moshi wa mioto ya porini na ng'ambo haionekani vizuri. Mvua zikishaanza hewa inasafika, na milima ya Kongo inasimama wazi, kilomita kama 50 mbele yenu. Chini ya maji yale kuna kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, na ni Baikal tu, huko Urusi, lenye kina kuzidi hapo. Kwa ng'ambo ileile, Aprili 1965, mwanamapinduzi Che Guevara alivuka usiku kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na Novemba akarudi kwa njia hiyohiyo akiwa ameshindwa. Mama huenda akawa na kumbukumbu zake mwenyewe za miaka ile, za Lumumba na za wakimbizi waliovuka. Mwachieni nafasi asimulie.

Giza likiingia msiondoke haraka. Kama ni siku za giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wanatoka usiku na taa, kwa sababu dagaa wanaufuata mwanga, na ziwa linajaa mataa. Siku za mbalamwezi hawatoki, taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi. Angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi kama tarehe bado inabadilika. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, kwa hiyo mkija kipindi hicho ulizeni kwanza kama uvuvi umefunguliwa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya gari la Kasulu, wewe au mkeo mpite Kibirizi, mwaloni. Huwezi kuingia harusini ukitokea Kigoma mikono mitupu. Chagueni dagaa waliokaushwa juu ya chanja, siyo wale walioanikwa mchangani, maana mchanga hautoki hata uoshe mara ngapi. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ni mkavu kabisa, akivunjwa analia, na hanuki harufu kali. Mwenye wekundu wa kutu ameshakaa. Chovyeni mkono katikati ya gunia mtoe wa chini, msinunue kwa kutazama wa juu tu. Mawese nayo ni mazuri, lakini yafungeni kwenye dumu lenye kifuniko kinachokaza, na liwekwe mbali na nguo za harusi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019, hivyo beba kiroba au kikapu chako kutoka nyumbani.

Mfikishieni mama shikamoo yangu, na harusi iwe ya heri.